Makofi Mawili kwenye Bodi ya Pikapu

Breki za pikapu ile zilikuwa zinaniua. Kila nilipoteremka kwenda mto Ruvubu nimebeba maharage ya Muyinga, harufu ya kuungua ilijaa ndani, pedeli ikawa laini, nami nikaanza kuongea peke yangu: taratibu baba, taratibu. Ningeongea na nani? Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Amani iliporudi nikarudi Giteranyi, wazazi nimewaacha kule kaburini. Majirani waliniita Mtanzania. Walinisalimia vizuri tu, lakini walipokaa jioni na pombe yao ya ndizi, hakuna aliyenipigia hodi.

Mtu pekee niliyekuwa naye nchi nzima alikuwa nyuma ya gari. Huku kwetu wabeba ndizi wa baiskeli hawapandi mlima kwa nguvu zao ikiwa kuna gari linapita. Wanalidandia, mkono mmoja usukani, mwingine umeshika bodi. Madereva wengi huwatukana. Mimi pia hutukana, mdomo wangu haujawahi kuwa mtamu, lakini huyu mmoja sikumtukana. Alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kila Alhamisi alinisubiri chini ya mlima ule ule.

"Amahoro, mugenzi!" ananiita, yaani amani, mwenzangu wa safari.

"Amahoro! Shika vizuri, usinivunjie gari!"

"Gari lenyewe limeshavunjika!"

Basi, mazungumzo yetu ndiyo hayo. Tulipofika kileleni alipiga bodi makofi mawili, pa, pa, akaachia, akateremka nyuma yangu akitazama taa zangu za breki ajue lini apunguze. Nikifika Gitega nakuta ameniwekea ndizi mbili mbivu juu ya magunia. Nilizila nikiwa nimekaa kwenye gari, polepole, zisiishe.

Fundi wangu alikuwa Mkongo wa Kivu Kusini, ana kibanda mtaa wa Magarama, pale Gitega. Siku moja alinitolea chuma cheusi kilichoshikana kwa masizi, kimetoka kwenye lori la zamani.

"Hii ni breki ya ekzosi, kaka. Iko na kibao ndani. Ukiachia mafuta, kinafunga moshi, injini yenyewe inashikilia gari. Breki zako zitapumuzika."

Tulikiloweka kwenye dizeli, tukakikwangua kwa kisu mpaka kibao kikaanza kufunguka na kufunga. Akakata bomba la ekzosi, akachomelea, akakaza bolti, akavuta mpira wa hewa mpaka kwenye injini na kuniwekea swichi karibu na usukani. Tulipojaribu mtaani, gari lilikoroma likajizuia lenyewe, mguu wangu haujagusa kitu. Loo! Nilicheka kama mtoto.

"Bado waya ya taa," fundi akasema. "Hii breki haiwashe taa nyuma. Nipe saa moja, niiunge."

"Taa ya nini? Nyuma yangu kuna magari?"

"Kaka, saa moja tu."

"Alhamisi nitarudi, utaunga. Maharage yananisubiri Muyinga, nawe unaniletea habari za waya!"

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Nilihesabu magari. Baiskeli sikuihesabu.

Alhamisi mugenzi akanidandia kama kawaida. Nikamwambia nina breki mpya, leo tutateremka kama mabwana. Akacheka. Kileleni, pa, pa. Nikateremka, na kwenye kona ya kwanza nikabonyeza swichi, nikaachia mafuta. Gari likajizuia. Nilikuwa nafurahi, haki ya Mungu, nilikuwa nafurahi, ndipo nikasikia kishindo nyuma.

Alikuwa hai. Bega limevunjika na mguu pia, ndizi zimetapakaa mpaka mtaroni. Wapita njia walinisaidia kumlaza juu ya magunia, nikampeleka hospitali nikilia na kujitukana njia nzima. Siku ya tatu nilimpelekea mkate na sukari. Mkewe alivipokea kwa mikono miwili, hakuniangalia. Mugenzi alikuwa anatazama dari.

"Nilikuwa naangalia taa yako," akasema. "Haikuwaka."

Nilisema nisamehe, akasema nimekusamehe, na nadhani alisema kweli.

Fundi aliunga ile waya kwa saa moja, kama alivyosema. Alisimama nyuma, mimi nikabonyeza swichi. "Inawaka!" akapiga kelele. Nilimwomba aangalie tena, na tena, mpaka akanicheka.

Miezi ikapita. Kila Alhamisi nilipunguza mwendo chini ya mlima, nikadandiwa na watu nisiowajua. Kisha siku moja nikaiona kofia ya sufu. Alikuwa anasukuma baiskeli kwa miguu, anachechemea, ndizi chache tu. Nikasogea kando yake.

"Amahoro, mugenzi. Shika bodi."

"Amahoro. Hapana, pita tu. Nitapanda mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Nikaenda kumsubiri kileleni, nikazima injini. Alipofika, jasho linamtoka, nikamwambia taa imeungwa, simama hapo nyuma kidogo tu, uione kwa macho yako. Nikarukia ndani, nikawasha gari, nikabonyeza swichi.

"Inawaka?"

Nikabonyeza tena.

"Mugenzi! Inawaka?"

Nikatazama kioo. Nyuma hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshanipita upande wa pili, anateremka mlima peke yake, mguu mmoja ameunyoosha pembeni kwa tahadhari. Nikamfuata taratibu mpaka darajani, sikumpita, naye hakugeuka.