Kiwavi Niliyemponda Ngorongoro

Nilitoka Mbulumbulu kwa sababu moja tu: kumrudisha mjukuu wangu Anjela nyumbani kabla nyati hajamrudisha akiwa maiti. Mtoto nimemlea mwenyewe, ana akili kama wembe, anafua mashuka kwenye hoteli pale juu ya kreta. Sasa tunasikia saa za mapumziko analala kifudifudi porini, anapiga picha wadudu! Mwanangu, baba yake, akasema, "Mama, usirudi bila yeye."

Asubuhi nilipanda gari la maharage mpaka Karatu mjini, nikapata lori dogo linalopeleka mboga hotelini. Roho haikutulia.

"Nyati wapo kweli huko?" nikamuuliza dereva.

"Wapo, Bibi. Juzi mmoja kaja kunywa maji nyuma ya jiko letu." Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tulipopita lango la hifadhi, msitu ukatumeza. Ukungu mzito kama mtindi. Kila kisiki nilikiona kina pembe.

Hotelini mlinzi wa Kimaasai akanisalimu kwa lugha yao, akiniita bibi. "Takwenya, koko."

"Iko," nikaitikia. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

Akanyoosha mkuki. "Miguu yake ile."

Kweli, nje ya ua, viatu viwili vilitokeza nyasini. Nikajua amekufa. "Anjela!"

"Taratibu, Bibi, utamtisha!" akasema kutoka nyasini.

Kumbe kiwavi. Yuko juu ya jani, na kamera imemkaribia kama inataka kumbusu.

"Karibu anajivua ngozi," akaninong'oneza. "Nikiipata hiyo picha, meneja kaniahidi kazi ya kamera. Naachana na mashuka. Juma zima namvizia."

"Huyu mla maharage?"

"Mtazame vizuri, Bibi."

Ningetazamaje? Macho yangu yalikuwa msituni. Mara kichaka kikatikisika. Anjela akageuka, mimi nikayumba, nikashika lile jani nisianguke, kiwavi akanipandia mkononi. Mkono huu umepalilia maharage tangu nikiwa binti. Haukuniuliza. Ukamponda.

Kichakani akatoka ngedere.

"Koko," mlinzi akasema, "afadhali angekuja nyati."

Anjela hakulia. Alikishika kidole gumba changu, akakipiga picha, akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Kwenye ule ujiuji wa kijani palibaki nywele za rangi ya ngano iliyoiva, na kipande cha ngozi chenye madoa mekundu, kila doa na duara lake jeusi, yamepangwa kama shanga. Maisha yangu yote nimewaponda hawa. Sijawahi kumtazama hata mmoja.

"Alikuwa mzuri," nikasema.

"Hata kama angekula maharage yako?"

"Hata kama."

Akajifuta pua, akalala tena kifudifudi kutafuta mwingine. Nikasimama nyuma yake na fimbo mpaka giza likaingia.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Mwanangu alikuwa barabarani ananingoja.

"Yuko wapi?"

"Nyasini."

"Na nyati?"

"Wapo."

"Mama! Sasa umemwachaje?"

"Nimeshaponda kizuri kimoja kule," nikamwambia. "Cha pili kaponde wewe."

Hajaenda. Lakini simu ikilia, wote wawili tunatazamana, na hakuna anayetaka kuipokea.