Maswali Kabla ya Futi

Fundi wetu wa cherehani hapa Bweri hakupimi kabla hajakuhoji. Analo gazeti chakavu la vijana wa Ulaya, limejaa wanamuziki wa kiume waliopaka wanja na kuvaa suruali za kumetameta, na kila mmoja kaulizwa rangi aipendayo, chakula, na mchumba wa ndoto zake. Basi na yeye anauliza, pini mdomoni, anaandika daftarini. Ukigoma, anakunja futi yake.

Juzi ilikuwa zamu ya Mzee Baltazari, besi wa kwaya, aliyekuja na mkewe Rebeka kushonesha suruali.

“Kijani,” alijibu mzee. “Sato.” Kwenye mchumba akaanza kuwaza. Mkewe akageuka kumtazama.

Fundi akaandika haraka: Rebeka.

“Hilo swali,” alisema, “kwa waliooa najazaga mwenyewe.”