Jina la Kijito Tulilomficha Padri

Harufu ya muhogo uliolowekwa, ile inayowafanya wageni wazibe pua sokoni Kikula, mjini Likasi, hunirudisha kila mara kwenye kijito cha Mwanalila, upande wa Kakanda, alikoishi nkambo, bibi yangu mzaa mama. Maana ya jina hilo ni "mtoto amelia". Kando ya maji, chini ya kichuguu kikubwa kuliko nyumba, wanawake walizika watoto wachanga waliokufa kabla ya ubatizo. Wawili walikuwa wa nkambo. Padri hakuambiwa, wala jina hilo halikutajwa mbele yake, kwani kijiji kizima kiliamini angewakemea mama zao.

Nilikuwa huko likizoni kampuni ilipolitaka bonde la kijito kile imwage humo taka za mgodi. Padri akapata wazo: parokia iandike majina ya vijito, vilima na vichuguu vyetu, kisha yalinganishwe na ramani ya zamani kwenye ofisi ya ardhi. Yakipatana, itajulikana kwamba hatukuhamia jana. Baadaye chuo kikuu kilinifundisha neno refu la kazi ile; sijapata bado mahali pa kulitumia.

Baba Fideli, katekista wetu, akapita na karatasi.

"Mama, huu muto munauita namna gani?"

"Andika Mutakatifu Yosefu," alisema nkambo bila kuinua macho kutoka kwenye muhogo wake.

"Yosefu? Alikunywa mayi ya huku siku gani?"

"Weye andika. Hata weye unaitwa Fideli, na tunakuvumilia."

Wanawake wakacheka. Baba Fideli, ambaye mkewe naye alikuwa na mtoto pale kichuguuni, akaandika. Wengine wakafuata mfano, na hadi jua linazama tulikuwa na watakatifu wa kutosha kuendesha mbingu ya pili.

Ofisi ya ardhi haikumpata hata mmoja wao kwenye ramani. Ikasema sisi ni watu wa juzi. Padri alipotuletea habari hiyo, nkambo alipanda gari la padri hadi ofisi hiyo, Likasi, nami nikiwa magotini pake. Alisimama mbele ya karani na padri, akasema polepole, kama mtu anayevuliwa nguo hadharani: "Mwanalila."

Karani alipitisha kidole kwenye ramani. "Ile jina iko, mama. Lakini karatasi ya kampuni bamekwisha kuisaini."

Nkambo akamgeukia padri. "Batoto bangu babili bamelala pale. Habakubatizwa."

"Mama," padri akajibu, "ungeniambia, ningekuja kuwaombea."

Nkambo aliketi sakafuni. Nikadhani amefarijika, kwa kuwa padri alimsemesha kwa upole namna ile. Mpaka nilipozaa watoto wangu ndipo nilipoelewa kilichomwangusha. Miaka yote ile angeweza kumwita padri, na padri angekuja. Sasa hapakuwa tena na mahali pa kumpeleka.