Poda ya Bibi Harusi na Joto la Kabla ya Mvua

Watu wa Igogo, mtaa wetu hapa Mwanza, walikuwa wakisema nina mkono wa kupamba nyuso. Mimi sikuwa na hakika, na hata sasa sina. Niliishia darasa la nne, na kazi iliyonilisha ilikuwa ya kiwanda cha nguo, kusimama mbele ya mashine na kuunga nyuzi zinazokatika. Mle ndani madirisha yalifungwa ili upepo wa ziwa usipeperushe pamba, kwa hiyo joto lilikuwa letu mwaka mzima. Lakini tulikuwa wasichana. Tuliingia zamu ya asubuhi tumejipaka poda, na kabla jua halijapanda vizuri kila mmoja ana mifereji mashavuni kama ukuta wa udongo ulionyeshewa.

Humo ndimo nilimojifunza, kama ni kujifunza. Niliona aliyepaka nyingi ndiye anayeharibika kwanza. Niliona aliyetanguliza mafuta ya mgando ili ang'ae, anageuka chapati. Na mwenzetu mmoja, ambaye poda yake ilikuwa ya kukwangua chini ya kopo, ndiye aliyekuwa akifika mwisho wa zamu bado ana uso. Nikafuata njia yake. Kwa haki njia ni yake, mimi niliiongezea tu.

Nilichoongeza ni udongo. Poda iliyokuwa ikipatikana, siku ilipopatikana, ilikuwa na rangi ya waridi, imetengenezewa watu wengine kabisa, na sisi ikitukaa tulifanana na mtu aliyetoka kupakua unga kwenye lori. Nilijaribu kuichanganya na kahawa iliyosagwa. Ilinukia vizuri, ila jasho lilipoanza mtu alitiririka chai ya rangi. Ndipo nikajaribu udongo wa kichuguu, ule mwekundu ambao wajawazito walikuwa wakiununua sokoni Mkuyuni ili wautafune. Niliutwanga, nikauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa kama moshi. Huo ulikubali. Ulikuwa na rangi yetu, na ulikunywa jasho.

Mengine yalikuwa madogo. Mtu anaoga maji ya baridi, kisha anakaa bila kutembea hadi jasho lile la baada ya kuoga likauke. Mafuta simpaki usoni. Nachukua pamba, nagandamiza poda, sisugui. Nangoja. Nagandamiza kitambaa chenye unyevu, nangoja tena, halafu poda nyingine kidogo. Mdomo naupaka rangi, anauma karatasi, nampaka tena. Kazi yenyewe hasa ni kungoja, na hapo ndipo waliojaribu kuniiga walipochoka. Sidhani kama huo ni ustadi. Mimi nilikuwa nimechoka tayari, ndiyo maana kukaa hakukunisumbua.

Katika nyumba tuliyopanga, chumba kilichoelekeana na changu, aliishi msichana muuguzi kutoka ng'ambo, upande wa Bukoba. Alikuwa na mdomo mwepesi na roho nzuri, na sabuni ilipoadimika alikata kipande chake akanigawia. Akachumbiwa na kijana wa Kisukuma wa Nyegezi, dereva wa lori la ushirika, wakapanga harusi ifanyike hapahapa Mwanza. Mama yake binti hakuweza kuja. Alikuwa kitandani kwao, miguu haimchukui, na hakuna aliyethubutu kumpandisha kwenye meli. Akamtuma shangazi wa binti amwakilishe, na agizo lilikuwa moja tu: arudi na picha.

"Kasema hivi," shangazi alitueleza siku aliyoshuka melini, hata mizigo hajaitua, "kama macho yangu hayatamwona akiolewa, basi yamwone kwenye karatasi."

Sasa filamu nazo siku zile zilikuwa adimu kama sukari. Mpiga picha wa mjini, mzee mpole mwenye studio ya chumba kimoja, alimwambia bwana harusi kuwa filamu iliyomo ndani ya kamera imebakiwa na nafasi moja. Nyingine hajui itakuja lini. Atatupa hiyo, lakini tumfuate studio baada ya kanisa, kwa sababu hawezi kubeba taa zake. Kwa hiyo ilikuwa picha moja. Ikiharibika, mama hamwoni mwanawe.

Uso ule basi ulitakiwa udumu tangu asubuhi nyumbani, kisha kanisani chini ya mabati, kisha juu ya lori, hadi studio. Na ilikuwa ule wakati kabla ya mvua, mawingu yanakuja mpaka katikati ya ziwa yanarudi, na mawe makubwa ya Igogo yanatema joto hata jua likishazama.

"Dada, utaweza?" aliniuliza bibi harusi.

"Sijui."

"Wewe nawe! Mwenzio anaolewa unamwambia hujui!"

"Jasho nitapambana nalo. Ila usilie."

"Nilie nini? Nimempenda mwenyewe, sikupelekwa."

Shangazi alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Akasimamisha kisu. "Nani kasema asilie?"

"Shikamoo, shangazi," nilisema, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa sijamsalimu.

"Marahaba. Shikamoo yako isinipotezee maneno. Kwetu binti anatoka nyumbani analia. Akitoka macho makavu watu watasema alikuwa na haraka. Watasema hakuwa na mama. Na mama anaye, yuko kule ananingoja mimi nimweleze."

Nilimwelewa. Yeye alikuwa ametumwa na desturi nzima mgongoni, mimi nilikuwa na kopo la udongo. Nikajaribu kupatanisha: nikasema binti alie kwanza, mapema, amalize, ndipo nimpambe.

"Amlilie nani mapema? Kuku?" shangazi akasema. "Machozi ni ya mlangoni, wenzie wakija kumchukua. Ukilia peke yako chumbani huo ni ugonjwa."

Hatukuafikiana. Mpaka leo nikipima naona kila mmoja alikuwa na hoja, na labda yake ilikuwa nzito kuliko yangu.

Siku yenyewe nilitoka zamu ya usiku, sikulala. Nilipitia mwaloni, nikaomba pande la barafu kwa wachuuzi wa samaki, nikalifunga kwenye kitambaa nikalipandisha mlimani. Nilimkanda bibi harusi uso kwa barafu ile hadi ngozi ikajikaza. Shangazi akainama, akanusa.

"Mnampeleka kanisani huyu au mnampeleka kukaangwa?"

Bibi harusi akacheka, nami nikamkataza, maana kucheka nako kunaleta jasho. Ni kweli alinuka sato kidogo. Poda iliisitiri harufu kiasi, siwezi kusema yote.

Nikiwa katikati ya kazi akaingia balozi wetu wa nyumba kumi. Ulikuwa wakati ambao vijana wa chama waliwasimamisha wanawake barabarani kwa sababu ya sketi fupi na nywele za bandia, naye alikuwa na wajibu wake. "Ndugu," akaniambia, "haya marangi si ndiyo mambo ya kikoloni tuliyoambiwa tuyaache?"

Nikamwonyesha kopo. "Hiki ni kichuguu, ndugu balozi."

Akachovya kidole, akanusa, akalamba kabisa. "Kumbe ni chetu," akasema, akavuta kigoda akaomba chai. Rangi ya mdomo niliificha chini ya mto. Hakuiona, au aliamua kutoiona.

Wa upande wa bwana harusi walipofika wakiimba, tulimtoa binti mlangoni. Shangazi akaanza kulia yeye, kwa sauti, akimtaja marehemu baba na mama aliye kitandani. Kilikuwa kile kilio cha kumfungulia njia mwenye zamu. Mwenye zamu akasimama kimya. Nilimwona shangazi akipenyeza mkono kwenye gauni na kumfinya. Binti akatoa macho, hakutoa chozi. Alikuwa ameniahidi.

"Ee, huyu kavu!" akasema dada wa bwana harusi, na wenzake wakapasuka vicheko. "Kumbe Wahaya nao wamechoka ndizi! Huyu ana hamu ya michembe yetu ya viazi!"

"Michembe yenu mtatafuna wenyewe," shangazi akamjibu, lakini sauti ilikuwa imevunjika, na nikajua safari hii alikuwa akilia kweli, kwa aibu. Hilo liliniuma. Nilikuwa nimeupata uso wangu, yeye amekosa kilio chake.

Kanisani sikusikia neno la misa. Nilikuwa natazama paji la uso moja tu. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto, padri mwenyewe akijipangusa kila akifungua kinywa, bwana harusi kola imelowa hadi kifuani. Na yule binti ameketi kama alivyotoka mikononi mwangu. Walipovishana pete, tone moja lilitokea chini ya shela, likatelemka hadi kwenye nyusi, likanywewa. Macho yangu yalikuwa yakijifunga kwa usingizi, ila nakumbuka furaha ile. Ilikuwa ndogo, na sikuwa na nguvu ya kuionyesha.

Juu ya lori nilimshikia mwavuli. Tukafika studio.

Ndani mlikuwa na joto kupita la nje, taa mbili kubwa zinawaka na mlango umefungwa. Nilimgandamiza kwa pamba mara ya mwisho nikarudi nyuma. Mzee mpiga picha akamweka bwana harusi kushoto, bibi harusi kulia, akaingia chini ya kitambaa cha kamera yake, akatoka. Hakupenda ukuta ulivyo nyuma yao. Akavuta kamba, na pazia lililochorwa likashuka.

Lilikuwa ni ziwa, la buluu kuliko ziwa lolote, na katikati meli nyeupe inatoa moshi.

Bibi harusi aligeuza shingo aitazame. Akaitazama sana. Alipogeuka kwetu mdomo ulikuwa unatetemeka.

"Mama angekuja na hii," akasema.

Basi. Yalitoka yote aliyoyabana tangu asubuhi. Nilichukua pamba nikaenda, lakini machozi si jasho. Jasho linatoka kidogo kidogo, udongo unalinywa. Machozi yanakuja na maji mengi, yanapita juu na chini ya poda, na kila nilipogandamiza nilitengeneza tope. Michirizi miwili ilishuka hadi kidevuni.

"Dada, nifute," aliniambia huku akilia. "Nifute, mama asinione hivi."

Shangazi akanishika kiwiko. "Mwache. Toka asubuhi nangoja hiki."

"Anasema afutwe, shangazi."

"Yeye ni mtoto, hajui mama anataka nini."

Mzee mpiga picha akatutazama wote. "Mama zangu," akasema, "taa hizi zikizidi kuwaka zitakatika, na sina nyingine. Mnapatana, au nizime?"

Bwana harusi, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno zaidi ya yale ya kanisani, akamwinamia mkewe. Sikusikia alilomwambia. Binti akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akatazama kamera. Mimi nilitoka mbele ya taa. Sikuwa nimemaliza, ila hakukuwa na kumaliza. Mzee akapiga.

Shangazi aliahirisha meli hadi picha ilipotoka. Ilikuwa nzuri kwa yote mengine, lakini michirizi ilionekana wazi, miwili, kama njia za mchwa. Nilimwomba radhi bibi harusi. Alisema si kitu, kwa namna ambayo ni kitu. Nilirudi zamu, nikasimama mbele ya mashine yangu nikijiuliza kama ningemwacha alie mlangoni, nikampamba upya ndani ya lori, labda ingekuwa afadhali. Labda isingekuwa. Kwenye lori kulikuwa na vumbi.

Habari za mama zilinifikia kwa watu wawili, nazo hazilingani. Shangazi aliporudi Mwanza kwa shughuli nyingine aliniambia kuwa mgonjwa alifurahi. Alipoona kuwa mwanawe alilia, alisema, "Kumbe nimezaa mtoto," akaagiza picha itundikwe mbele ya kitanda. Shangazi hakuwa mwongo, ila alikuwa na hoja yake ya kushinda.

Bibi harusi alikwenda mwenyewe mvua zilipokwisha, akamkuta mama yake hai. Alirudi akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani. Hakuikuta picha imetundikwa. Ilikuwa chini ya mto wa mama. Na kwenye mashavu ya bibi harusi pichani, palepale penye michirizi, karatasi ilikuwa imechubuka na kuwa nyeupe.

"Anaipangusa," aliniambia. "Wanasema kila siku akiamka anachukua pindo la kanga anaipangusa. Nilimwambia, mama, hiyo haifutiki. Akasema anajua."