Mkomamanga wa Bi Sitara na Turubai la Msimbazi

Bi Sitara binti Uledi ana miaka sabini na mbili, na katika hiyo yote hajavaa chekundu. Si kanga, si kitambaa cha kichwa, hata uzi wa kushonea hataki. Yeye mtu wa Jangwani, kijani na njano, toka tumboni mwa mama yake. Siku timu yake ya mpira ikicheza na wekundu wa Msimbazi, mchuzi wa nyumba ile hautiwi nyanya. Ni nazi tupu, na asiyetaka akale kwa mama lishe.

Sasa mtu huyo ana mkomamanga uani kwake, hapo hapo Kariakoo. Aliupanda marehemu mumewe, mzee Mwinyimvua. Miaka minne unatoa maua, tunda hakuna hata moja. Kosa si la mti! Nyumba ya jirani ilivunjwa wajenge ghorofa, basi upepo wa kusi ukapata mlango. Mwezi wa nane, kipupwe kinakaribia kuaga, mti ndio unachanua, na upepo nao ndio unakuja na rasharasha zake, na baridi ya kumvalisha Bi Sitara soksi ndani ya makubadhi. Asubuhi maua yote chini.

Mwanawe Abdulkadiri alipataka pale pa kuweka simtanki la maji. Bi Sitara kwa kiburi chake akajifunga mwenyewe mbele ya wapangaji wote.

"Mwaka huu usipozaa, ukateni. Nimesema mimi."

Abdulkadiri hakungoja. Kesho yake simtanki likaja kwa mkokoteni, likalazwa ukumbini, na kila apitaye anagonga goti.

Mwaka huu yalichanua maua kumi na moja. Bi Sitara akaufunika mti kwa kanga. Upepo ukaichukua kanga mpaka kwenye nyaya za umeme, ikabaki huko inawapungia watu. Akafunga viroba vya unga, vikachanika. Yakabaki maua saba.

Hapo akaja Beno, mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Songea, katibu wa tawi la wana Msimbazi pale mtaani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kucheka?"

"Hapana, bibi. Ila hii nayo baridi? Kwetu baridi kama hii tunavaa fulana."

"Si ungebaki kwenu!"

"Nina turubai zito la tawi. Nikilifunga hapa, upepo hauingii."

"La rangi gani?"

Beno akakohoa. "Bibi, na maua yenyewe si mekundu?"

"Hayo si mekundu! Hiyo ni rangi ya komamanga. Toka hapa."

Usiku ule upepo ukala mawili. Asubuhi Abdulkadiri alikuwa amekaa kizingitini ananoa shoka, taratibu, kama anayepiga kinanda. Bi Sitara akampita bila kumtazama, akagonga chumba cha mwisho.

"Lete hilo dude lako."

Siku nzima akakaa mkekani na sindano ya magunia, akalishonea turubai kanga zake nne za kijani upande wa nje. Likafungwa uani. Anayetazama anaona Jangwani tupu; wekundu uko ndani, unatazamana na mti. Mengine mawili yalipukutika, lakini matatu yakashika, yakavimba vitako vidogo kama vifungo vya koti.

Zikapita siku nne tu. Ijumaa Beno akarudi, anakuna kichwa.

"Bibi, kesho ni sisi na nyinyi. Wenzangu wanalitaka turubai, tunatazamia runinga chini yake pale tawini. Jua kali."

Upepo ulikuwa unavuma vile vile. Bi Sitara akavitazama vile vifungo vitatu. Akatazama ukumbini, lile simtanki. Akameza mate kama anameza shubiri.

"Halitoki. Waambie waje watazamie hapa."

"Hapa kwako? Wote?"

"Wavue viatu."

Basi Jumamosi uani kwa Bi Sitara pakajaa watu wekundu arobaini. Vijana wa Jangwani waliokuwa wakipita njiani walichungulia mlangoni, wakashika vichwa.

"Bi Sitara! Umehama?"

"Nimehamia wapi, nyumba si yangu? Piteni!"

Yeye, amejitanda kijani juu mpaka chini, akagawa kahawa ya tangawizi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameshika mwiko. Dakika ya themanini mpira ukakaribia goli la Msimbazi, watu wekundu wote wakainuka. Bi Sitara akauvaa mti, mgongo kwa runinga, mikono ameitanua.

"Kaeni chini! Mtaniangushia! Kaeni, wana wa watu nyie!"

Uani pakawa kimya ghafla. Akafikiri wamemtii. Kumbe Jangwani wamefunga, goli la pekee siku ile, na yeye hakuliona. Mpaka leo husimuliwa, na kila akisimuliwa hukasirika upya.

Mwezi wa kwanza makomamanga matatu yakaiva. Shoka likarudi uvunguni, simtanki likakwezwa juu ya choo. Moja alimpa Abdulkadiri. La pili akalipasua mbele ya Beno. Ndani punje zinang'aa, nyekundu kama damu.

Beno akazitazama punje. Akamtazama bibi. Akafungua mdomo.

"Kula," akasema Bi Sitara. "Usiseme kitu. Kula."