Ndege wa Njano

Nimekaa kwa fundi wa televisheni hapa mtaani Kimisagara tangu asubuhi, nimechoka kusubiri. Amewasha televisheni ya zamani, ya chogo, na vumbi lililopata joto ndani yake linanuka vilevile kama sebule ya bibi jirani yetu.

Utotoni, watoto wa mtaa tulitazama katuni kwake. Kila kipindi kilianza na kuisha kwa nembo ileile ya watengenezaji: ndege wa njano anatoka kwenye yai, anacheka. Bibi, ambaye hakuwa mtazamaji, alijua ile ya mwisho tu: kwake ndege alimaanisha kipindi kimekwisha, twende kwetu. Akimwona ndege alipiga makofi: "Haya, viatu!"

Jioni moja kilikuwa kinakuja kipindi cha mwisho cha hadithi ya mbuzi aliyepotea. Dada yangu mdogo alikuwa anahamia kwa shangazi, Uganda, kesho yake, na alitaka kujua kama mbuzi atafika kwao. Ndege akatokea. Bibi akazima.

"Nyogokuru, ndiyo kwanza inaanza," nikamwambia bibi.

"Wewe kila kitu unabisha! Televisheni iko ya nani?"

Wenzangu wakanifinya ninyamaze. Dada akasema asante, akavaa viatu.

Njiani akaniuliza, "Mbuzi alifika?"

"Nitajuaje? Hatukuona."

"Si useme tu amefika."

"Sijui," nikasema, na nilijiona mkweli.

Asubuhi nilipoamka, upande wake wa kitanda ulikuwa umeshatandikwa.