Picha ya baba ilipendeza kwenye skrini, kwenye karatasi ikawa ukuta

Wakuu, sogeeni. Hii ilinipata mwenyewe na siongezi chumvi. Wakati ule hata chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Likasi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mshahara wa machimbo ulikufa kwanza, baba akafuata.

Tulishauza mabati ya upande mmoja wa nyumba, mvua ikala albamu yote. Picha ya baba ikabaki moja, ya kwenye kadi ya kazi, ndogo kama kucha ya kidole gumba. Na kadi ilibaki kwetu siku moja tu: kesho yake ilitakiwa ofisi ya machimbo, hairudi.

Mama alitaka picha kubwa ya kuweka mezani siku ya kutosha matanga, yaani kumaliza msiba.

Kule mtaa wa Kikula kulikuwa na jamaa, Didi, mwenye kompyuta na skana. Nikaenda na mama, nikabishana na Didi bei mpaka akakaa chini mwenyewe.

Akaskani. Baba akajaa skrini nzima, safi kabisa. Tukaprinti kubwa: uso wote mraba mraba.

"Huyu hapana bwana yangu," mama akasema. "Huyu ni ukuta."

Didi akajikuna kichwa. Skrini inaridhika na nukta chache, akasema, karatasi kubwa inataka nyingi. Akapandisha resolution, yaani wingi wa nukta, akaskani upya. Skana ilitembea polepole, nikahesabu matofali ya duka mara mbili (hesabu hazikulingana).

Safari hii skrini ikaonyesha jicho moja na nyusi. Basi.

"Weye Didi! Umemukata bwana yangu!"

"Hapana, mama. Iko muzima. Skrini njo kadogo, haimuenee. Ngoja nimupunguze."

Mama akamshika mkono.

"Acha kwanza."

Akasogea, akagusa kioo. Juu ya nyusi palikuwa na kovu ambalo mimi mwanawe sikuwahi kuliona.

"Alikuwa anakafichaka na casque, kofia ya mugodi, hata ku nyumba," akasema taratibu. "Miye tu njo nilikuwa ninakajua."

Didi alikuwa anatoza kwa saa. Hakutazama saa, na mimi sikumkumbusha.

Tukaprinti bila kupunguza chochote. Baba akatoka mzima, na kovu lake. Asubuhi mama akapeleka kadi ofisini, hakulia.

Funzo: skani kwa resolution kubwa, hata skrini ikikuonyesha kipande tu. Na usikubali mtu aipunguze kabla ya kuisevu.

Wenzangu mliobaki na picha moja tu ya mzazi, mkiikuza mnaona nini? Andikeni hapa chini, nasoma zote.